Bendera hubadilika, gati halihami: serikali ina mkono gani juu ya moshi wa meli?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nimepewa rasimu ya sera ya taifa ya kupunguza hewa ukaa katika usafiri wa meli na bandari, nitoe maoni. Imejaa malengo ya mwaka 2050. Ninachojiuliza ni hiki: meli ni ya tajiri wa nchi moja, imesajiliwa nchi ya pili, imekodiwa na kampuni ya nchi ya tatu, na shehena ni ya nchi ya nne. Serikali moja ina uwezo gani juu ya moshi wake? Na nitajuaje kipi humo ni sera na kipi ni maneno?"

Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba huko baharini mkono wa serikali haufiki mbali, lakini gatini ni mzito kuliko serikali nyingi zinavyodhani. Meli hubadilishwa bendera kwa makaratasi tu, na mmiliki akitaka huhamisha ofisi. Ila siku ya siku lazima meli ifunge kamba mahali fulani ipakue, na hapo inakuwa chini ya sheria ya mwenye bandari. Kwa hiyo rasimu yoyote unayoisoma, itafute bandari ndani yake kabla ya kutafuta bahari.

Nianze na ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa hesabu ya IMO, yaani Shirika la Bahari Duniani, mwaka 2018 meli zilitoa tani milioni 1,076 za gesijoto, na hewa ukaa iliyokuwamo ilikuwa asilimia 2.89 ya hewa ukaa yote iliyotokana na shughuli za binadamu mwaka huo. Meli zingekuwa nchi, isingekuwa mbali na Japani katika orodha ya wachafuzi. Hata hivyo sehemu kubwa ya moshi huo haimo katika hesabu ya taifa lolote. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 iliwaachia IMO suala la meli za kimataifa, na Mkataba wa Paris wa 2015 haukuzitaja kabisa. Mafuta yanayouzwa kwa meli za safari za nje huandikwa pembeni kwenye ripoti za nchi, kama deni linalojulikana lakini halijumlishwi.

Hilo lina matokeo ya moja kwa moja kwenye rasimu yako. Serikali inaweza kuahidi kufikia sifuri ifikapo 2050 na ahadi hiyo isiguse hata meli moja ya kigeni, kwa sababu hesabu yake inaishia kwenye vivuko na meli za ndani. Uingereza ilikuwa ya mapema kuliona pengo hilo: mwaka 2021 iliamua kuingiza sehemu yake ya safari za meli za kimataifa katika bajeti ya kaboni, yaani kikomo cha moshi wa nchi, ya miaka 2033 hadi 2037. Angalia basi rasimu inasema "usafiri wa majini" kwa maana ipi. Kama haikueleza, andika swali hilo la kwanza kabisa kwenye maoni yako.

Habari ya bendera haihitaji maneno mengi. Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall ndizo zinazoongoza kwa uzito wa meli zilizosajiliwa, na kisheria nchi ya bendera ndiyo yenye wajibu wa kwanza juu ya meli. Lakini usajili ni biashara. Nchi itakayowabana wenye meli peke yake itawaona wakihamia kwa jirani. Ndiyo maana MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, ukaweka kanuni kwamba meli ya nchi isiyosaini isipate upendeleo wowote inapoingia bandari ya nchi iliyosaini. Nchi ya bandari inaweza kuweka masharti ya kuingia, kukagua nyaraka, na kuizuia meli isiondoke. Nguvu hiyo imetumika miaka mingi kwa mambo ya usalama na umwagaji wa mafuta, na kaboni ni mgeni tu katika nyumba iliyokwisha kujengwa.

Sasa IMO yenyewe. Makao yake yako London, na wengi huizungumzia kama serikali ya bahari, jambo ambalo si kweli; ni meza wanayokaa mataifa. Kwa upande wa kaboni imefanya mambo kadhaa ya lazima. Tangu mwaka 2013 meli mpya zinapaswa kufikia kiwango cha ufanisi tangu zinapochorwa. Tangu 2019 meli za GT 5,000 na zaidi (GT ni kipimo cha ukubwa wa meli) zinaripoti mafuta zinayotumia. Ni meli hizo zinazotoa karibu asilimia 85 ya hewa ukaa ya meli. Na tangu 2023 kila meli ya namna hiyo hupewa daraja la mwaka, kuanzia A hadi E, kwa kupima hewa ukaa dhidi ya uwezo wake wa kubeba na umbali iliokwenda.

Madaraja hayo yanapendeza kwenye karatasi. Matatizo yangu nayo ni matatu. Meli iliyoshinda wiki mbili ikisubiri gati inawasha jenereta bila kusogea, hivyo daraja lake linashuka ingawa kosa ni la bandari. Na kwa kuwa kinachohesabiwa ni uwezo, si shehena iliyobebwa kweli, meli inayosafiri tupu haiadhibiwi kwa utupu wake. La tatu ni kwamba meli ikipata E, au D miaka mitatu mfululizo, inatakiwa kuandika mpango wa kujirekebisha. Hakuna faini. Nimesoma rasimu za sera zinazonukuu madaraja haya kana kwamba ni rungu, kumbe ni ripoti ya shule.

Rungu lilikuwa lije. Julai 2023 nchi wanachama zilikubaliana kufikia sifuri halisi mnamo au karibu na mwaka 2050, na njiani kupunguza angalau asilimia 20 ifikapo 2030 na asilimia 70 ifikapo 2040, zote zikilinganishwa na mwaka 2008. Aprili 2025 zikapitisha kwa kura 63 dhidi ya 16 rasimu ya kanuni ambazo zingeilazimisha meli inayozidi kiwango cha uchafu wa mafuta yake kulipa dola 100 au 380 kwa tani, kutegemea imezidi kwa kiasi gani. Nchi 24 hazikufungamana na upande wowote. Kati yake vilikuwamo visiwa vya Pasifiki, na sababu yao ni ya kuchoma moyo: waliona hatua hiyo ni dhaifu mno. Hao ni watu ambao Visiwa vya Marshall na Visiwa vya Solomon vyao vilipendekeza tozo ya dola 100 kwa kila tani tangu Machi 2021. Kisha Oktoba 2025, kikao kilichoitishwa kuzipitisha kanuni hizo rasmi kikaahirishwa mwaka mzima kwa kura 57 dhidi ya 49, baada ya Marekani kuzipinga waziwazi na Saudi Arabia kutoa hoja ya kuahirisha.

Kwa hiyo rasimu inayosema "serikali itatekeleza maazimio ya IMO" na kuishia hapo, imejifunga kwa kitu ambacho bado hakijafungwa. Sisemi serikali ipuuze London. Nasema sera ya nchi isiandikwe kama mtu anayesubiri basi ambalo dereva wake hajaamua kuondoka.

Ulaya haikusubiri, na namna ilivyofanya inafaa kusomwa kwa makini hata na serikali isiyokuwa na nia ya kuiga. Kuanzia Januari 2024 Umoja wa Ulaya uliingiza meli kubwa katika soko lake la vibali vya kaboni, ambako mchafuzi hutakiwa kuwa na kibali kwa kila tani anayotoa. Kwa safari kati ya bandari mbili za Umoja, na kwa muda meli iko gatini, hewa ukaa yote inahesabiwa. Kwa safari inayoanza au kuishia nje ya Umoja, inahesabiwa nusu. Walianza pole: asilimia 40 ya moshi wa 2024, asilimia 70 ya ule wa 2025, na wote kuanzia 2026, mwaka ambao methani na oksidi ya nitrasi nazo zinaingia kwenye hesabu. Bendera haiulizwi. Meli ya Panama na meli ya Ugiriki zinalipa sawasawa.

Itazame hiyo nusu. Wengine waliisoma kama huruma, mimi naisoma kama ukomo wa madai: Ulaya imesema safari ina ncha mbili na yenyewe itatoza ncha yake. Nusu ya pili imebaki mezani bila mwenyewe. Nchi iliyo upande wa pili wa safari ikiwa na chombo chake cha kutoza, inaweza kuichukua nusu hiyo na kuitumia kwenye bandari zake. Isipokuwa nacho, haipati kitu, na wafanyabiashara wake bado wanalipa ongezeko la nauli lililosababishwa na nusu ya kwanza. Katika rasimu ya nchi yenye biashara kubwa na Ulaya ningetegemea aya moja juu ya hili, walau ya kusema serikali imelifikiria na kulikataa.

Hofu inayotajwa kila mara ni kwamba ukitoza, meli zitakimbilia kwa jirani. Ni hofu ya kweli kwa aina moja ya mzigo na hofu tupu kwa aina nyingine. Kontena linaloshushwa kutoka meli kubwa ili lipandishwe meli ndogo kwenda nchi nyingine halina ndoa na bandari yako. Likiona bei imepanda, linahama. Ulaya iliogopa hilo hasa, ikaweka kanuni kwamba bandari za kuhamishia makontena zilizo ndani ya maili 300 za baharini kutoka bandari za Umoja, kama Tanger Med ya Moroko na East Port Said ya Misri, zisitumike kuikata safari vipande ili ionekane fupi. Lakini ngano ya kuliwa nchini, mafuta ya magari yake na mashine za viwanda vyake haviwezi kushukia nchi ya mbali halafu vikafika kwa bei ile ile. Serikali inayojua uwiano wa mizigo hiyo miwili bandarini kwake inajua pia inaweza kutoza kiasi gani. Rasimu ikitoa hoja ya ushindani bila kutaja uwiano huo, imebahatisha.

Sasa twende gatini, kwenye kiini cha jambo.

Meli iliyofunga gati haijalala. Injini kubwa imezimwa, lakini jenereta zinaendelea kunguruma kuendesha taa, pampu, majokofu ya makontena, viyoyozi, jiko la mabaharia. Meli ya makontena yaweza kuhitaji megawati moja au zaidi. Meli kubwa ya watalii inafika megawati kumi na kuendelea, yaani mji mdogo uliokuja kuomba hodi kwa saa kumi na mbili. Dawa inajulikana: iunganishwe na umeme wa nchi kavu, jenereta zizimwe. Göteborg ya Uswidi ilifunga umeme wa msongo mkubwa kwa meli tangu mwaka 2000. Juneau, Alaska, ikafuata mwaka 2001 kwa meli za watalii, na Los Angeles mwaka 2004 kwa makontena.

Miaka ishirini na zaidi imepita, na bado magati yenye huduma hiyo ni machache ukilinganisha na yasiyo nayo. Kwa nini? Mara nyingi utaambiwa ni teknolojia. Siyo. Kuna kiwango cha kimataifa tangu 2012 kinachosema msongo ni volti 6,600 au 11,000 na plagi inafananaje. Kikwazo kimoja tu ni cha kiufundi hasa: meli nyingi hutumia umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali nchi nyingi zina gridi ya mizunguko 50, hivyo bandari inahitaji mtambo wa kubadilisha, na mtambo huo ni ghali. Vikwazo vilivyobaki vimo kwenye makaratasi ya serikali yenyewe.

Cha kwanza ni kodi. Mafuta ya meli za kimataifa kwa kawaida hayatozwi kodi. Umeme unatozwa. Nahodha akiuliza bei, jenereta yake inayochoma mafuta yasiyo na kodi inashinda nyaya za bandari, na serikali ndiyo iliyopanga mashindano hayo. Uswidi na Ujerumani ziliona upuuzi huo zikaomba ruhusa ya Umoja wa Ulaya kupunguza kodi ya umeme unaouziwa meli gatini, zikaipata mwaka 2011. Haikuhitaji teknolojia mpya wala mfuko wa kimataifa, ilihitaji mtu wa hazina aliyekubali kukaa na mtu wa bandari.

Cha pili ni namna shirika la umeme linavyotoza. Mteja mkubwa hulipia umeme aliotumia, na pia hulipia kilele cha matumizi yake. Meli mbili zikija pamoja mara moja kwa mwezi, bandari inalipia kilele hicho kana kwamba iko hivyo kila siku. Mdhibiti wa nishati anaweza kuweka bei maalumu ya gati. Asipofanya hivyo, huduma inakufa taratibu: kisanduku cha kuunganishia meli kinazinduliwa kwa utepe na hotuba, kinafungwa kufuli, na ukipita mwaka unaofuata unakuta ndege wamejenga kiota juu yake. Nimekiona kisanduku cha namna hiyo kwa macho yangu, tena kilikuwa kizuri.

Cha tatu ni gridi yenyewe, na hapa lazima tuwe wakweli. Jenereta ya meli hutoa takribani gramu 700 za hewa ukaa kwa kila uniti ya umeme. Gridi inayotegemea makaa ya mawe inazidi hapo. Nchi ya namna hiyo ikiunganisha meli itaondoa masizi na salfa puani mwa wanaoishi jirani na bandari, na hiyo ni faida kubwa, lakini isijisifu kwamba imepunguza kaboni. Nchi yenye maji, upepo au jua la kutosha kwenye gridi yake inapunguza kweli. Rasimu iseme gridi ya nchi iko upande gani wa namba hiyo, leo na mwaka 2030.

Kisha aina za meli. Meli ya mafuta mara nyingi hutumia mvuke wa boila kusukuma shehena, na umeme wa nchi kavu hauzimi boila. Hiyo ni sababu mojawapo ya Ulaya kuanza na meli za makontena na za abiria: kuanzia 2030 hizo zitalazimika kuunganishwa katika bandari kuu za Umoja. Sera inayosema "meli zote" kwa pumzi moja imeandikwa na mtu ambaye hajapanda meli.

Jambo jingine la bandarini halina utepe wa kukata, ndiyo maana halipendwi na wanasiasa, ila mimi ningelianza kabla ya umeme. Ni foleni. Mikataba mingi ya kukodi meli kwa safari humtaka nahodha aende haraka iwezekanavyo, na bandari nyingi humhudumia kwanza aliyewahi kufika. Matokeo yake meli inakimbia usiku na mchana kuvuka bahari ili ikae nangani siku tano. Nguvu ya injini hupanda kwa takribani mchemraba wa mwendo, kwa hiyo ukipunguza mwendo kwa asilimia 10 nguvu inayohitajika hushuka kwa asilimia 27 hivi. Safari inarefuka kidogo, lakini mafuta ya safari nzima yanapungua kwa karibu asilimia 19. Hebu fikiria meli ambayo bandari imeiambia mapema: gati lako litakuwa wazi Alhamisi saa nne asubuhi, nafasi yako kwenye foleni imelindwa, njoo taratibu. Hakuna injini mpya wala mafuta mapya hapo, kuna taarifa na uaminifu tu. IMO ilipitisha azimio la kuzihimiza bandari kushirikiana na meli kwa namna hiyo mwaka 2019. Kinachotakiwa kwa serikali ni kuamuru mamlaka ya bandari ibadilishe kanuni ya foleni, na mpangilio wa magati uonekane kwa mawakala wote kwa wakati mmoja. Hapo utakutana na upinzani, maana kuna watu ambao riziki yao ni kujua mpangilio huo kabla ya wenzao.

Upande wa malori na mashine za kupakulia nisikae sana; ni kazi ya kawaida ya kubadilisha dizeli kwa umeme na kupanga miadi ili malori yasingurume getini. Los Angeles na Long Beach zimekuwa nalo tangu mpango wao wa pamoja wa 2006, na lengo walilojiwekea 2017 ni mashine zisizotoa moshi ifikapo 2030 na malori ifikapo 2035.

Turudi kwenye vyombo ambavyo serikali inavimiliki au inavilipia: vivuko, tagi, boti za marubani wa bandari, meli za doria. Huku hakuna kisingizio cha bendera. Serikali ni mteja, na mteja huchagua. Mfano bora naoujua ni Norwe. Badala ya kutoa hotuba kwa wenye meli, iliandika sharti la moshi mdogo ndani ya zabuni za vivuko. Mwaka 2015 kivuko cha Ampere kikaanza kazi kati ya Lavik na Oppedal kwa betri tupu, na baada yake makumi ya vivuko vya umeme yakafuata. Ndani ya habari hiyo kuna jambo dogo linalonifurahisha kila ninapolitaja: gridi ya vijiji hivyo viwili ilikuwa dhaifu mno kuchaji kivuko kwa dakika chache kinazokaa gatini, basi wakaweka betri nchi kavu pande zote mbili zijazwe polepole kivuko kikiwa safarini. Wangesubiri gridi iimarishwe kwanza, pengine wangekuwa wanasubiri bado. Bunge la Norwe lilikwenda mbali zaidi kwa azimio la 2018 juu ya hori zake (ghuba nyembamba zilizo kati ya milima) za urithi wa dunia, na kanuni iliyotokana nalo inazitaka meli za abiria zilizo chini ya GT 10,000 ziingie humo bila kutoa moshi kuanzia Januari 2026, na zilizo kubwa zaidi kuanzia 2032.

Norwe hiyo hiyo inatufundisha pia pale palipo pagumu, yaani mafuta mapya. Kivuko chake Hydra, kilichoanza kutumia haidrojeni iliyogeuzwa kimiminika mwaka 2023, kililetewa haidrojeni kwa malori kutoka Leuna, Ujerumani. Chombo kilikuwa tayari na mafuta yake yakawa bado yanatafutwa nchi ya mbali. Kwa safari ndefu betri hazitoshi, na kila kinachopendekezwa kina kasoro yake. Methanoli ina nusu hivi ya nishati ya mafuta mazito kwa kilo moja, hivyo tangi linakuwa kubwa zaidi ya mara mbili na linakula nafasi ya shehena. Amonia haina kaboni ndani yake lakini ni sumu. Ikivuja gatini si tone la dizeli, ni watu kukimbia. Gesi asilia iliyosindikwa hupunguza hewa ukaa inapoungua, ila sehemu yake hupenya injini bila kuungua, nayo ni methani, ambayo kwa miaka 20 huchemsha dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Na methanoli au amonia iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe haina afadhali yoyote. Imehamisha tu moshi kutoka bomba la meli hadi bomba la kiwanda. Ndiyo maana kanuni ya mafuta ya meli ya Ulaya, iliyoanza Januari 2025, inapima mafuta tangu yanapotengenezwa hadi yanapoungua, na inadai uchafu huo upungue kwa asilimia 2 kwanza, 6 ifikapo 2030, hadi 80 ifikapo 2050. Rasimu yako ikizungumzia "mafuta safi" bila kusema yanapimwa kuanzia wapi, neno hilo halina uzito.

Serikali ifanye nini hapa? Wengi husema ruzuku ya kujenga vituo. Mimi nina mashaka na tangi la amonia lisilo na mnunuzi. Mafuta haya ni ghali mara kadhaa kuliko ya sasa, na anayeyalipia kwa kawaida ni mkodishwaji wa meli, wakati anayenunua injini ni mmiliki, kwa hiyo kila mmoja anamtazama mwenzake. Afadhali serikali ijifunge kulipa pengo la bei kwa kiasi maalumu na kwa miaka maalumu, huku anayeomba fedha kidogo ndiye anayepewa mkataba. Hilo humpa mwenye benki kitu cha kushika. Na kabla ya yote hayo, kikosi cha zimamoto cha bandari kiwe kimefunzwa na kanuni za kujaza mafuta hayo ziwe zimeandikwa. Ni kazi isiyo na sifa na huchukua miaka, hivyo ianze sasa hata kama meli ya kwanza iko mbali.

Umeuliza utatofautishaje sera na maneno. Mimi nikipata rasimu, huanza kuisoma kutoka mwisho, kwenye jedwali la utekelezaji. Natafuta jina la ofisi itakayofanya, mwaka ulio ndani ya muda wa serikali iliyoko madarakani, na fungu la bajeti. Lengo la 2050 lisilo na kazi ya kufanywa mwaka kesho silihesabu. Natazama pia kama wizara ya fedha na mdhibiti wa nishati wametajwa, kwa sababu umekwisha kuona kwamba kodi ya umeme na bei ya kilele ziko mikononi mwao, na wizara ya uchukuzi haiwezi kuwasemea. Na natafuta hesabu ya kuanzia: bandari inajua leo meli zinatoa kiasi gani zikiwa gatini na nangani? Kama haijui, mradi wa kwanza uwe kupima, na usizidi mwaka mmoja.

Mwisho soma kifungu cha adhabu, uulize nani anabeba lawama meli ikifika ikiwa na plagi yake na gati halina umeme. California ilianza kuzilazimisha kampuni za meli kutumia umeme wa gatini kwa kanuni iliyopitishwa 2007, ikianza na nusu ya ziara za kila kampuni mwaka 2014 na kufika asilimia 80 mwaka 2020. Mzigo ulikuwa kwa wenye meli. Ilipoandika upya kanuni hiyo mwaka 2020, waendeshaji wa vituo vya makontena na bandari zenyewe wakawekewa wajibu wao kwa maandishi, kila mmoja na sehemu yake. Kama rasimu uliyonayo inamtoza nahodha peke yake, pendekeza kifungu cha namna hiyo, tena pendekeza jina la bandari ya serikali liwe la kwanza kwenye orodha.